CHUO KIKUU NA AKILI MNEMBA KWENYE UTAFITI: NANI AAMUE, NA AAMUE VIPI?



Majuzi nilikuwa kafe, na kwenye mashine ya jirani alikaa jamaa mmoja anayemalizia ripoti yake ya utafiti chuoni. Alikuwa anatafuta makala moja ya jarida. Katafuta saa nzima, hakuna. Akalipia saa ya pili, bado hakuna. Ikabidi niulize kulikoni. Kumbe msimamizi wake kaizungushia ile makala kalamu nyekundu kwenye orodha ya marejeo na kuandika pembeni "Niletee hii". Makala ina jina la mwandishi, mwaka, jina la jarida na hata namba za kurasa. Tatizo ni moja tu: haipo duniani. Alipewa na mashine ya akili mnemba, naye akaipachika bila kuifungua.

Nikamuuliza, chuo chenu kinasemaje kuhusu kutumia hizi mashine kwenye utafiti? Akasema hajawahi kuambiwa kitu. Hakuna aliyesema ruksa, hakuna aliyesema marufuku. Kila mhadhiri ana la kwake. Mmoja akisikia AI anafoka, mwingine mwenyewe anaitumia kutengenezea maswali ya mtihani.

Jamaa ana kosa lake, hilo silifichi. Lakini na chuo je? Mimi nimeishia kidato cha sita, chuo bado sijakanyaga, ila wengi wetu tunaosoma hapa ndio tunaoelekea huko, na maamuzi haya tutayakuta mlangoni. Kwa hiyo nimekaa nikakusanya ninayoyajua kuhusu jambo hili, niyaweke sehemu moja: akili mnemba inafanya nini kwenye utafiti, imefaulu wapi, imeanguka wapi, na chuo kikuu kifuate njia gani kabla ya kusema ndiyo au hapana.

TUELEWANE KWANZA: SIYO KITU KIMOJA

Wengine wanaita akili bandia, wengine akili unde, mimi nitatumia akili mnemba. Watu wakilisikia neno hilo siku hizi wanafikiria ChatGPT tu, iliyotoka tarehe 30 Novemba 2022. Lakini kwenye utafiti kuna angalau aina tatu za kazi, na ukizichanganya lazima upotee.

Ya kwanza ni mashine zinazotunga maneno. Unaiuliza, inajibu. Inafupisha makala, inasahihisha Kiingereza, inatafsiri, inaandika programu za kompyuta. Namna inavyofanya kazi, kwa lugha nyepesi, inabashiri neno gani lifuate baada ya neno lililotangulia, kutokana na maandishi mengi mno iliyofundishwa nayo. Sasa rejeo la kitaaluma lina umbo lake: jina, mwaka, kichwa, jarida, kurasa. Mashine inalijua umbo hilo vizuri sana. Ikikosa rejeo la kweli inaweza kujaza umbo kwa maneno yanayofanana na ukweli. Haikusudii kudanganya, maana haina kusudio lolote. Ndiyo sababu marejeo ya yule jamaa yalikuwa yanapendeza kabisa machoni.

Ya pili ni mashine zinazotambua: picha za majani yenye ugonjwa, eksirei za mapafu, sauti za mahojiano ya kugeuzwa kuwa maandishi.

Ya tatu ni mashine zinazokadiria: umbo la protini, hali ya hewa, mgonjwa gani yuko hatarini kuzidiwa.

Chuo kinachosema "tunaruhusu akili mnemba" au "tunapiga marufuku akili mnemba" hakijasema chochote. Ni sawa na kusema tunaruhusu visu. Kisu cha jikoni au cha chumba cha upasuaji? Anakishika nani?

ILIYOFAULU: KISA CHA PROTINI

Tuanze na habari njema. Protini ni mnyororo unaojikunja, na umbo lake likishajikunja ndilo linaloamua kazi yake mwilini. Kulijua umbo la protini moja tu kwa vipimo vya maabara kunaweza kumla mtafiti miezi au miaka. Kampuni ya DeepMind ya London ilitengeneza mashine inayoitwa AlphaFold inayokadiria umbo hilo, na kufikia Julai 2022 walikuwa wametoa bure makadirio ya protini zaidi ya milioni 200. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni hiyo wakapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, nusu nyingine akapewa David Baker.

Swali la maana ni hili: wanasayansi walijuaje kwamba AlphaFold haisemi uongo? Jibu ni mtihani. Tangu 1994 kuna mashindano yanaitwa CASP yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Washiriki wanapewa protini ambazo maumbo yake yamepimwa maabara au yanakaribia kupimwa, lakini majibu hayajatangazwa. Kila mtu anakadiria, kisha majibu yanafunuliwa na watu wanapewa alama. Mwaka 2020 AlphaFold ikawaacha wenzake mbali. Yaani ilifanya mtihani ambao haukuvuja, na msahihishaji hakuwa yeye mwenyewe.

Shika hilo neno, kuvuja. Tutalirudia sasa hivi.

ILIYOANGUKA: KISA CHA KORONA

Mwaka 2020 korona ilipopamba moto, watafiti wa nchi nyingi walikimbilia kutengeneza mashine za kutambua ugonjwa kwa picha za kifua. Nia ilikuwa njema. Makala zikamwagika kama mvua, kila moja inatangaza alama za juu ajabu. Mwaka 2021 timu moja iliyoongozwa na watafiti wa Cambridge ilizichambua kwenye jarida la Nature Machine Intelligence. Walianza na makala zaidi ya 2,000, wakachuja kwa viwango vya ubora mpaka zikabaki 62 za kuchunguzwa kwa kina. Katika hizo 62, iliyofaa kutumika hospitali ilikuwa... hakuna. Hata moja!

Kwa nini? Kulikuwa na sababu nyingi, lakini moja inafundisha sana. Baadhi ya watafiti walichukua picha za wagonjwa wa korona, ambao walikuwa watu wazima, halafu picha za wasio na korona wakazitoa kwenye mkusanyiko wa eksirei za watoto wadogo. Mashine ikapata alama nzuri. Lakini huenda ilichojifunza ni kutofautisha mtoto na mtu mzima! Mtu yeyote anaweza kutofautisha hivyo, hahitaji kompyuta.

Kuna kosa lingine la ukoo huo huo: majibu ya mtihani kupenya kwenye somo. Mashine inapimwa kwa data ambazo, kwa njia moja au nyingine, ilishaziona wakati wa kufundishwa. Sisi tunaojua habari ya mitihani kuvuja hatuhitaji maelezo marefu. Mwanafunzi aliyeona pepa usiku wa kuamkia mtihani anapata A, halafu ukimpa kazi anashindwa. Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha mwaka 2023 kwamba uvujaji wa namna hii umekutwa kwenye fani 17 za utafiti na kugusa makala 294. Hao siyo wanafunzi wavivu. Ni watafiti waliosoma, na kazi zao zilipita kwa wahakiki.

YA HAPA KWETU: KISA CHA MUHOGO

Msiseme mambo haya ni ya Ulaya tu. Muhogo ukipata batobato au michirizi kahawia, familia inalala njaa. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, chini ya mradi wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, kwa kushirikiana na FAO na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Unaielekeza simu kwenye jani, inakwambia kama kuna ugonjwa. Inafanya kazi bila intaneti, na Kiswahili inakijua. Picha za muhogo za mwanzo zilizotumika kuifundisha zilipigwa mashambani Tanzania.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliolinganisha Nuru na binadamu. Wakulima walipatia asilimia 18 hadi 31. Maofisa ugani asilimia 40 hadi 58. Nuru ikapatia asilimia 65 kwa jani moja, na ilipotazama majani sita ya mmea mmoja ikafika kati ya asilimia 74 na 88.

Mnaona tofauti na kisa cha korona? Hapa mashine imepimwa kwa mimea ya kwetu, na binadamu wamepimwa pembeni yake. Tena ripoti imesema wazi kwamba kwa jani moja inakosea mara nyingi, kwa hiyo tumia majani sita. Hiyo ni taarifa ambayo mkulima anaweza kuifanyia kazi.

Uganda nako, maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao walikusanya picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe kwenye mashamba yao, wataalamu wakaandika kila moja ina ugonjwa gani. Mwisho wa 2020 zikawekwa hadharani kwa mashindano ya dunia nzima. Hapa chuo cha Afrika hakikusubiri kuletewa mashine. Kilishika kitu chenye thamani kuliko mashine yenyewe, yaani data zilizokaguliwa na watu wanaojua.

MASWALI MATANO YA KUULIZA KABLA

Kutokana na visa hivyo, mimi naona chuo kisiamue kuhusu mashine, kiamue kuhusu KAZI. Kila kazi iletwe mezani na kuulizwa maswali haya.

1. Jibu likitoka, nani anaweza kulikagua, na kwa njia gani?

Hili ndilo swali mama. Mtafiti anayeandika mwenyewe halafu anaiomba mashine imsahihishie Kiingereza anaweza kukagua, maana anajua alichotaka kusema. Anayeomba ifupishe makala 100 ambazo hajasoma hata moja hawezi kukagua. Mashine ni ile ile, kazi ni mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ruhusu. Ya pili weka sharti: asome zenyewe, au achague kadhaa bila mpangilio na alinganishe, na aandike amekuta makosa mangapi.

2. Data ni za nani na zinakwenda wapi?

Ukipachika mahojiano ya mgonjwa wa UKIMWI kwenye mashine ya mtandaoni, umeyatuma kwenye seva za watu, huenda nje ya nchi. Yule mama aliyekubali kuhojiwa alikubali kuongea na wewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka. Kenya wana sheria yao ya 2019, Uganda pia 2019. Kufuta jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwalimu mkuu wa kike, kijiji fulani, ana mapacha", kijiji kizima kinamjua. Hata Marekani, mwezi Juni 2023 taasisi za taifa za afya (NIH) ziliwakataza wahakiki kupachika maombi ya fedha za utafiti kwenye mashine hizi, kwa sababu ni kuvunja siri za watu.

3. Imepimwa kwa watu wetu na lugha zetu?

Kuna mfumo wa kukadiria wagonjwa wanaoelekea kupata maambukizi makali ya damu, uliokuwa unatumika hospitali nyingi za Marekani. Watafiti wa Michigan waliupima kwa wagonjwa wao wenyewe na kutoa ripoti mwaka 2021. Kati ya waliopata ugonjwa huo, mfumo uliwakosa theluthi mbili. Huko ni Marekani kwa Marekani! Sasa fikiria mfumo uliofundishwa kwa wagonjwa wa huko unaletwa Dodoma au Kisumu. Au mashine ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyozoea Kiingereza, unaipa bibi wa Kisukuma anayechanganya na Kiswahili. Chuo kiseme: hakuna kifaa kuingia kwenye utafiti wa watu mpaka kipimwe kwanza kwa sampuli ya hapa, matokeo yaandikwe.

4. Nani anabaki nje?

Mashine nzuri zinalipiwa kwa mwezi, kwa dola. Profesa mwenye fedha za mradi atalipa. Mwanafunzi anayenunua bando la siku je? Chuo kikisema kila mmoja atumie bila kumsaidia asiye nacho, kimeongeza pengo. Kikinunua kwa ajili ya wote, kihesabu bei ya miaka mitano. Isiwe bei ya mwaka wa kwanza wa ofa.

5. Likiharibika, nani anajibu?

Hapa ulimwengu wa majarida umeshakubaliana. Mwanzoni mwa 2023 Nature na Science walisema mashine haiwezi kuandikwa kama mwandishi wa makala, kwa sababu haiwezi kuwajibika. Mwenye jina juu ya makala ndiye mwenye makosa yote yaliyomo. Mawakili wawili wa New York walijifunza hilo kwa uchungu Juni 2023, walipotozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kusema "mashine ndiyo iliniambia" hakukuwasaidia.

NJIA ZA MKATO AMBAZO ZINAUMIZA

Kupiga marufuku kila kitu. Science walianza hivyo Januari 2023, wakakataza hata maandishi yaliyotungwa na mashine. Kufikia Novemba 2023 wakalegeza: tumia, lakini sema umetumia nini na vipi. Marufuku ya jumla haizuii matumizi, inazuia watu kusema ukweli. Wanaendelea, ila kimyakimya.

Kutegemea vigunduzi. Hapa nataka tuelewane vizuri maana ndipo vijana wanapoumizwa. Kuna programu zinazodai kujua kama maandishi ni ya mtu au ya mashine. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023, wakaiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kwa vipimo vyao wenyewe ilikuwa inanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza siyo lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine! Insha za wanafunzi wa Kimarekani karibu zote zilipita salama. Sababu ni kwamba mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza anatumia maneno machache na sentensi za kawaida, na kigunduzi kinadhani ni mashine. Sasa huyo ni nani kama siyo mimi na wewe? Agosti 2023 chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kigunduzi chake kwa wasiwasi wa namna hii. Chuo chochote cha kwetu kinachotaka kumfukuza mtu kwa namba ya kigunduzi kijiulize mara mbili.

Kununua kwa pupa. Februari 2025 mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la California ulitangaza kuwapa ChatGPT wanafunzi wake zaidi ya 460,000 na wafanyakazi. Wao wana mifuko yao na sababu zao. Kuiga tembo kuna matokeo yake, tunayajua. Swali la kwanza liwe kazi gani imetushinda, bei ije baadaye.

Kunyamaza. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo ya kawaida. UNESCO waliuliza shule na vyuo zaidi ya 450, na Juni 2023 wakasema chini ya asilimia 10 walikuwa na sera au mwongozo wowote. Septemba 2023 wakatoa mwongozo wao kuhusu elimu na utafiti. Upo wazi, hauhitaji kulipia. Chuo kinachoanzia sifuri leo kimependa chenyewe.

UTARATIBU WENYEWE UWEJE?

Haya ni mapendekezo yangu, mnaruhusiwa kuyachana.

Kwanza, meza. Wasikae wakuu na watu wa kompyuta peke yao. Awepo mtu wa maadili ya utafiti, mkutubi (huyu ndiye anayejua marejeo ya kweli na ya uongo kuliko wote), mwanasheria, mtafiti wa fani za sayansi na wa fani za jamii, na wanafunzi wawili au zaidi wenye kura kamili. Na pale utafiti unapohusu wananchi, awepo anayewasemea. Wakulima wa muhogo wana la kusema kuhusu mashine ya muhogo.

Pili, makundi matatu. Kazi za KIJANI, ruksa: kusahihisha lugha, kupanga mawazo, kusaidia kuandika programu za kompyuta unazozielewa. Kazi za NJANO, ruksa kwa masharti: kutafsiri mahojiano, kufupisha makala, kuchambua data. Hapa lazima ueleze ulichotumia na ulivyokagua. Kazi NYEKUNDU, hapana: kutunga data, kutunga marejeo, kupachika taarifa za siri kwenye mashine za nje, kumwachia mashine uamuzi wa mwisho kuhusu mgonjwa au mwanafunzi. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ubandikwe maktaba.

Tatu, jaribio. Kifaa kikubwa kijaribiwe muhula mmoja kwenye idara chache, na alama za kufaulu ziandikwe kabla ya kuanza. Zikiandikwa baada, kila jaribio litafaulu.

Nne, fomu. Mtafiti anayeomba kibali cha maadili ajaze na kipengele cha akili mnemba: kifaa gani, kazi gani, data zinakwenda wapi, ukaguzi ukoje. Anayehojiwa naye aambiwe kwenye fomu ya ridhaa, kwa lugha anayoielewa.

Tano, tarehe ya kurudi. Uamuzi wowote ukaguliwe upya kila mwaka, na kamati iwe na nguvu ya kusema basi. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitoa mashine ya sayansi inaitwa Galactica, iliyofundishwa kwa makala, vitabu na maandishi mengine ya kisayansi zaidi ya milioni 48. Wanasayansi wakaonyesha inavyotunga mambo, baada ya siku tatu ikaondolewa kwa umma. Kama kampuni kubwa vile imeweza kurudi nyuma, chuo kinaona aibu gani?

Sita, mafunzo KABLA ya adhabu. Mtu asihukumiwe kwa sheria ambayo hajawahi kuonyeshwa. Na akishukiwa, aitwe aeleze kazi yake mbele ya watu. Aliyefanya utafiti wake ataeleza alikwenda wapi, alimhoji nani, kitu gani kilimshangaza. Dakika 15 za maswali zinajua kuliko kigunduzi chochote.

WATAKAOPINGA

Najua wapo watakaosema: bwana mdogo, vyuo vyetu havina vitabu vya kutosha, maabara hazina kemikali, wewe unaleta kamati za akili mnemba? Nawaelewa. Lakini mashine hizi haziombi hodi. Zimo kwenye simu ya kila mwanafunzi tayari. Kamati isipokaa, uamuzi unafanywa hata hivyo, na anayeufanya ni kampuni iliyotengeneza mashine pamoja na mwanafunzi mwenye haraka saa sita usiku.

Wapo watakaosema nachelewesha maendeleo, wenzetu wanakimbia. Hapo nawarudisha kwenye visa viwili vya juu. Makala za korona zilikimbia, na kati ya 62 hakuna iliyofika. Ya protini ilisubiri mtihani wa haki, ikafika Nobel.

Na wapo watakaosema akili mnemba inatusaidia sisi tusio na Kiingereza kizuri kusikika duniani. Hoja hii naikubali kwa mikono miwili, na ndiyo sababu sitaki marufuku. Kijana wa Songea mwenye wazo zuri asikataliwe na jarida kwa sababu ya sarufi. Ila lile wazo liwe lake, na zile data awe amezikusanya kweli.

MWISHO

Yule jamaa wa kafe nilikaa naye. Tulipitia marejeo yake yote moja baada ya jingine. Kati ya 23, manne hayakuwepo kabisa, na mengine mawili yapo lakini yanasema kitu tofauti na alichoandika. Ilituchukua saa tatu, na hela ya chakula cha mchana ikaishia hapo. Alipomaliza akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Ningeambiwa mwanzo, ningeangalia mwanzo."

Akazifuta zile nne, akaenda kumwambia msimamizi wake ukweli. Bado sijasikia aliambiwaje.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mlioko vyuoni, chuo chenu kimewaambia nini, na mliambiwa na nani? Wahadhiri mnaopita hapa nanyi msichungulie tu, semeni. Matusi nitayafuta, hoja nitaziacha zote, hata zinazonipinga.

Naomba kutoa hoja.